Kukosa na Kukosea

Magazeti yetu huandika "wahamiaji haramu" kana kwamba maneno hayo mawili yamezaliwa pacha. Waethiopia wakikamatwa Mbeya wakielekea Afrika Kusini, ni wahamiaji haramu. Wahondurasi wakikamatwa kando ya Rio Grande, mto ulio mpakani mwa Texas na Mexico, mhariri wa habari za kimataifa anaandika vilevile. Huko Marekani kwenyewe watu wamebishana miaka mingi: kuvuka mpaka bila kibali kuhesabiwe uhalifu, au jambo la kiutawala tu? Mzazi anayeomba hifadhi apandishwe kizimbani kabla ombi lake halijasikilizwa? Mabishano hayo yanapotufikia kwa Kiswahili yamekwisha kuamuliwa. Kivumishi kimoja kimetoa hukumu.

Ndiyo maana naomba tuyakague maneno yetu, msomaji, moja baada ya jingine. Wewe na mimi ndio tulioachiwa lugha hii, na neno baya likishaota mizizi magazetini haling'oki kwa waraka.

Haramu lilikuwa neno la dini kabla ya kuwa la polisi. Linakaa sawasawa kwenye vitu na vitendo: nyama ya nguruwe ni haramu, riba ni haramu, mali ya wizi ni haramu. Likigandishwa kwa mtu linageuka tusi, na mfano wake mkongwe ni mwanaharamu. Mtoto huyo hakutenda lolote. Jina linamshukia kwa jinsi alivyoingia duniani. Mhamiaji naye anabandikwa haramu kwa jinsi alivyoingia nchini. Nduguye wa mzizi uleule ni haramia, mnyang'anyi wa baharini, na nadhani wengi wetu tukisikia "wahamiaji haramu" masikio yanakaribia kusikia "maharamia".

Lakini mzizi huo, h-r-m, una mtoto mwingine tuliyemsahau. Haram ya Makka ni eneo lililowekewa heshima hata mnyama wake hawindwi na mti wake haukatwi, na anayeingia humo yuko salama. Marufuku na kimbilio vimetoka tumbo moja. Kinachotofautiana ni kilichopigwa marufuku: huku mtu anakatazwa kuingia, kule mkono unakatazwa kumgusa aliyeingia.

Wengine walishalitafakari jambo hili kwa lugha zao. Mwaka 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaka vyombo vyake vitumie majina ya mfanyakazi mhamiaji asiye na hati, au asiyefuata utaratibu. Mwaka 2013 shirika la habari la Associated Press liliacha kumwita mtu yeyote haramu. Kitendo, likasema, chaweza kuwa kinyume cha sheria, mtu hawezi. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza mwaka 2016 kwamba ingeondoa kichwa cha mada cha aina hiyo katika orodha zake, wanasiasa wakaizuia, na mabadiliko yakapita mwaka 2021. Sisi bado.

Jina lenyewe, mhamiaji, halina ubaya. Shina lake ni hama, la Kibantu kabisa. Wakikuyu husema thama. Uzuri wake uko katika kauli ya kutendea. Anayehama anatoka, anayehamia anafika. Mhamaji ni mfugaji anayefuata malisho, mhamiaji amekuja kukaa, na baina yao pana irabu moja tu. Tunalo pia jina la Kiarabu, muhajiri, wingi wake muhajirina, lenye heshima yote ya Hijra. Jaribu kuliweka haramu baada ya muhajirina uone kama ulimi utakubali.

Sheria ya Marekani yenyewe haimwiti mtu huyo mhamiaji. Inatumia neno alien, lenye asili ya Kilatini, alienus, "wa mwingine", mtu asiye wetu. Wafasiri wetu huliandika mgeni, na hapo maana inageuka kichwa chini, kwa sababu mgeni wa Kiswahili hukaribishwa, huandaliwa, na hata methali ya kumpa jembe siku ya tatu inakubali kwamba siku mbili za kwanza ni haki yake. Anayetaka ubaridi wa neno la asili atumie ajinabi. Anayetaka usawa aandike asiye raia. Mimi ningechukua la pili, kwa kuwa linataja jambo moja tu ambalo mtu huyo hana na halisemi lolote kuhusu roho yake.

Sasa neno ninalolipenda kuliko yote katika jambo hili: kukosa.

Nimekosa nauli. Nimekosa usingizi. Amekosa shabaha. Hapo kukosa ni kutopata, kutokuwa na. Kisha mtu anapiga magoti, anasema: nimekosa, nisamehe. Hapo kukosa ni kutenda baya. Kitenzi ni kilekile, na sentensi fupi "mama huyu amekosa" haikamiliki mpaka tuulize: amekosa nini? Akiwa amekosa hati, kuna kitu hana. Akiwa ametenda baya, lazima awepo aliyekosewa, na kauli ya kutendea, kukosea, inatudai tumtaje. Amemkosea nani?

Lugha ikatugawia na nomino. Ukosefu ni hali: ukosefu wa mvua, ukosefu wa ajira, ukosefu wa hati. Kosa ni tendo, na mtendaji wake ni mkosaji. Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili anayechanganya ukosefu wa chakula na kosa la chakula. Kumbe basi hoja yote ya wanaotaka mashtaka dhidi ya wahamiaji yafanyiwe marekebisho inaingia katika nomino mbili: ukosefu wa kibali umegeuzwa kosa, na wao wanaomba urudi kuwa ukosefu.

Nasema urudi, maana ulikuwa hivyo. Kabla ya mwaka 1929, aliyeingia Marekani bila ruhusa aliweza kurudishwa alikotoka, lakini kule kuingia hakukumfanya mhalifu. Sheria iliyopita Machi 1929, ikisukumwa na seneta Coleman Blease wa South Carolina, mtu aliyetetea ubaguzi wa rangi waziwazi, ndiyo iliyoandika jinai hiyo. Wajukuu wake ni vifungu viwili vya leo, 1325 na 1326. Cha kwanza kinampa anayeingia mara ya kwanza kifungo kisichozidi miezi sita. Cha pili kinamhusu aliyewahi kufukuzwa akarudi, na kwa mwenye rekodi ya makosa makubwa adhabu yaweza kufika miaka 20.

Jinai ni neno zito, na linastahili kubaki zito. Katika Kiarabu mzizi wake unahusu kuchuma. Mwenye jinai amejichumia balaa. Mtaani kwetu ukisema "kesi ya jinai" watu wanafikiria kuua, kubaka, kuiba kwa silaha. Kila unapolibebesha neno hilo mtu aliyetembea jangwani akiwa na mtoto mgongoni, unaipunguzia jinai ya kweli uzito wake.

Na kesi? Neno hili tumelipokea kutoka kwa Waingereza, nalo halina kumbukumbu zaidi ya mahakama. Shauri ni tajiri zaidi. Linatokana na kushauriana, na bado linaitwa shauri hata wazee wanapokaa barazani kutafuta suluhu. Napendekeza tugawe kazi: palipo na mshitakiwa na adhabu, tuseme kesi, palipo na mtu anayeomba kukaa na serikali inayopinga, tuseme shauri la uhamiaji. Anayeliamua huko Marekani si jaji wa mhimili wa mahakama. Ni mtumishi wa wizara ya sheria, na kwake neno mwamuzi lingetosha.

Tusimame kidogo katika chumba kimoja cha mahakama, mjini Tucson, Arizona. Mpango wa Operation Streamline, ulioanzia Del Rio, Texas, Desemba 2005, uliwaleta humo watu hadi 70 kwa siku moja. Walikuwa na pingu mikononi, mnyororo kiunoni, pingu nyingine miguuni, na masikioni vifaa vya kusikilizia mkalimani. Wakili mmoja alikuwa na wateja kadhaa aliokutana nao asubuhi ileile. Wakaulizwa wanajibuje mashtaka. Culpable, wakasema kwa Kihispania. Tungetafsiri: nina hatia.

Wanahabari wetu wangeandika kwamba washitakiwa walikiri kosa. Mimi nisingeandika hivyo. Kukiri kunataka mtu mmoja na dhamiri yake. Ndiyo sababu Wakatoliki wana kuungama, kwa siri, mmoja mmoja. Kundi linapojibu kwa sauti moja Kiswahili husema linaitikia. Kwaya huitikia, madrasa huitikia, mkutano wa hadhara huitikia. Desemba 2009 mahakama ya rufaa ya huko magharibi iliamua kwamba kujibu kwa mkupuo namna hiyo kulivunja kanuni za mwenendo wa mashtaka. Majaji hao hawakujua Kiswahili, lakini walichokataa ni kuitikia kuhesabiwa kukiri.

Maneno ya kufungia watu tunayo mengi, nisikae hapo sana. Mahabusu na rumande ni kwa anayengoja kesi. Mfungwa amehukumiwa. Aliyeshikwa kwa sababu za uhamiaji tu, bila kesi ya jinai, yuko kizuizini. Kisheria hapewi adhabu, ingawa mlango unafungwa kwa nje na sare anavaa. Mwandishi anayemwita mfungwa amemwongezea hukumu.

Tuna pia njia za panya, msemo wa Namanga, Holili na Malaba, nao una ladha. Hakuna mvukaji wa mipaka yetu asiyeujua. Ila wenye kupita njia za panya hugeuka panya polepole katika fikra za msomaji. Kule Tijuana, Mexico, tangu 2016 na zaidi 2018, maofisa wa Marekani walipunguza idadi ya waliopokelewa langoni kila siku, watu wakaandikishana kwenye daftari na kungoja wiki kwa wiki, wengine miezi. Aliyechoka akaenda kuvukia kwingine alikuwa amefungiwa mlango wa mbele. Vichochoro, au njia zisizo rasmi, yanatosha kueleza alikopita.

Na hapa sheria ya Marekani inapingana yenyewe kwa yenyewe. Kifungu chake kuhusu hifadhi kinamruhusu aliyefika katika ardhi ya nchi hiyo kuomba, awe ameingilia kwenye kituo cha mpakani au pengine popote. Kifungu 1325 kinamfunga kwa kuingilia hapo pengine.

Hifadhi ni neno zuri. Limetoka Kiarabu, na tunalitumia kwa mambo tunayoyathamini: kuhifadhi Kurani, kuhifadhi nyaraka, Hifadhi ya Serengeti. Linasema kwamba kinachohifadhiwa kina thamani na kiko hatarini. Himaya lingeweza kushindana nalo, maana lilikuwa kinga, ulinzi wa mwenye nguvu kwa mnyonge. Kisha mwaka 1890 Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza, na tangu hapo neno linanuka ukoloni. Kimbilio ndilo la nyumbani. Kimbia ni kutoka mbio, kimbilia ni kwenda mbio mahali, kimbilio ni mahali penyewe. Mkimbizi amebeba nusu ya kwanza tu ya safari, hatari aliyoiacha. Bila kimbilio jina lake linaning'inia.

Kuna wanaosema mwomba hifadhi na wanaosema mtafuta hifadhi, na wahariri hubadilishabadilisha kana kwamba ni sawa. Si sawa. Kuomba kunampa mwombwa uwezo wa kukataa, na nyuma yake anasimama ombaomba na bakuli lake. Kutafuta ni tendo la mtafutaji, halingoji ruhusa, na Tamko la Haki za Binadamu la 1948 katika kifungu cha 14 linampa kila mtu haki ya kutafuta. Napendekeza tuyatumie yote mawili kwa mpangilio. Tangu anapotoka kwao hadi anapowasilisha maombi, ni mtafuta hifadhi. Maombi yakishapokelewa, ni mwomba hifadhi. Mkimbizi amekuwa wakati wote huo, kwa sababu cheti hakimfanyi mtu mkimbizi. Kinakiri tu kwamba ni mkimbizi.

Wabongo wa Ulaya wana neno lao, kujilipua: kuficha au kuchana pasipoti na kuomba hifadhi kwa utaifa mwingine. Ni neno la kijiweni na lina ujasiri wa kusikitisha, maana anayejilipua anajua anauua utambulisho wake mwenyewe. Nalitaja kwa sababu limewafanya baadhi yetu tudhani kila mwomba hifadhi ni mjanja. Lakini miongoni mwa Wakongo wanaofika Marekani wapo wa mashariki, wenye Kiswahili chao. Juni 2019 mamia ya Wakongo na Waangola waliingia San Antonio, Texas, kwa ghafla, baada ya safari iliyopita Amerika Kusini na msitu wa Darién, na wengi wakaendelea hadi Portland, Maine, wakalazwa kwenye vitanda katika ukumbi wa michezo. Hao hawakujilipua. Walitembea.

Neno moja la mkalimani laweza kumwokoa au kumpoteza mtu kama huyo. Ofisa wa hifadhi anamuuliza anaogopa nini akirudishwa. Hofu ina sababu nje ya mtu: majeshi, wanamgambo, nyumba iliyochomwa. Woga kwa wengi wetu ni tabia, na mwoga ni mtu asiye na moyo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unadai hofu yenye msingi, na hakuna mtu aliyewahi kusema woga wenye msingi. Wakalimani, nawasihi, shikeni hofu.

Mkataba huo, katika kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila ruhusa iwapo ametoka moja kwa moja mahali pa hatari, amejitokeza bila kukawia, na ameonyesha sababu njema ya kuingia hivyo. Tukiite nini kifungu hiki? Nimeona mahali pameandikwa "msamaha wa adhabu", na sikubaliani. Msamaha hutanguliwa na kosa. Neno linalofaa tunalo toka zamani: udhuru. Mgonjwa ana udhuru wa kutofunga Ramadhani; hasamehewi, kwa kuwa hakukosea. Udhuru wa mkimbizi ndiyo istilahi ninayoipeleka mbele yenu. Mwaka 2015 mkaguzi wa ndani wa wizara ya usalama wa ndani ya Marekani alionya kwamba kuwapeleka mahakamani watu walioeleza hofu ya kurudi kwao huenda kukavunja ahadi za nchi hiyo katika mikataba. Kwa lugha yetu: wenye udhuru walikuwa wanashitakiwa kama wasio nao.

Ndipo ikaja Aprili 2018. Mwanasheria mkuu Jeff Sessions aliwaagiza waendesha mashtaka wa mpakani wamshitaki kila mtu mzima aliyevuka nje ya kituo, hata mwenye mtoto mkononi. Vyombo vyetu viliiita "sera ya kutovumilia kabisa". Tafsiri hiyo ni sahihi na haifai. Kuvumilia ni kustahimili maumivu. Asemaye havumilii anadai kwamba yeye ndiye anayeumizwa. Taja kilichofanyika: agizo la kushitaki wote. Msomaji atauliza mwenyewe wote ni akina nani.

Jina la matokeo yake lilikuwa "kutenganisha familia". Lichambue kitenzi: teng-an-ish-a. Ile -an- ni ya kutendana. Wanaotengana wanaachana kila mmoja kwa upande wake, kama mume na mke, kama njia mbili. Mtoto wa miaka minne hakutengana na mama yake. Kiswahili kina pokonya, kuchukua kwa nguvu kilicho mkononi mwa mtu, na mkono umo ndani ya maana. Watoto walipokonywa. Ni maelfu, ukiwahesabu na wale wa majaribio ya El Paso ya mwaka 2017.

Shauri lililobadili mambo linajulikana kwa jina la Ms. L., mama wa Kikongo aliyefika kwenye lango la San Ysidro, California, Novemba 2017, akaomba hifadhi hapohapo langoni bila kuvunja sheria yoyote. Binti yake mdogo alipelekwa Chicago. Maofisa walidai hawana hakika kama ni mwanawe; kipimo cha DNA kikathibitisha, miezi kadhaa baadaye. Mama wa pili katika shauri hilo, Mbrazili, alishitakiwa kwa kuvuka, akatumikia siku 25, akatoka gerezani, na hakurudishiwa mwanawe. Mnamo tarehe 26 Juni 2018, jaji Dana Sabraw wa San Diego aliamuru watoto walio chini ya miaka mitano warudishwe katika siku 14 na wengine katika siku 30. Alibaini kwamba serikali huandika vizuri mali ya anayezuiliwa ili imrudie akitoka, na haikuwa na utaratibu kama huo kwa watoto.

Ilikuwaje upokonyaji huo uitwe halali? Kwa jina. Sheria ya mwaka 2002 ina istilahi ambayo wafasiri huiandika "mtoto asiyeandamana na mzazi": mwenye umri chini ya miaka 18, asiye na hadhi ya kisheria, ambaye hapana mzazi nchini awezaye kumtunza. Mzazi akipelekwa rumande kwa kosa la miezi sita, hawezi kumtunza. Basi mtoto aliyefika ameshika kanga ya mama yake anaandikwa kuwa hakuandamana naye, na katika saa 72 anahamishiwa mikononi mwa idara nyingine. Kiswahili hakistahili kuufuata uongo huo. Yupo mtoto aliyekuja peke yake, na yupo mtoto aliyefanywa peke yake. Tuyaandike mawili hayo katika safu mbili tofauti za kamusi ya sheria, na la pili lidai kila mara kutajwa aliyemfanya.

Familia nayo ina mpaka wake. Sheria hiyo inamtambua mzazi na mlezi wa kisheria basi. Bibi, shangazi, kaka mkubwa hawahesabiwi. Kwetu dada yake mama ni mama, mkubwa au mdogo, na mtoto wa dada yangu ni mwanangu kama mimi ni mwanamke. Mwanamke wa Bukavu akimwambia ofisa "huyu ni mwanangu" hajadanganya. Mkalimani akitafsiri neno kwa neno, na karatasi zikaonyesha jina la mama mwingine, ameshakuwa mtuhumiwa wa usafirishaji wa watoto. Hapa pa kulinda familia panahitaji neno pana kuliko familia. Wapwani wana aila, bara wana kaya, wote tuna jamaa. Napenda kaya, kwa sababu inahesabu wanaokula chungu kimoja bila kuuliza nani alimzaa nani.

Ipo dhana moja ambayo bado hatujaitungia jina la kueleweka: lile katazo, la kifungu cha 33 cha mkataba uleule, la kumrudisha mkimbizi kwenye hatari. Mataifa yanatumia neno la Kifaransa, kutokana na refouler, kusukuma nyuma. "Kanuni ya kutorudisha" inasomeka kama kanuni ya maktaba. Mwiko ndilo neno. Mwiko hauna faini wala rufaa. Ukivunjwa, jamii nzima imechafuka. Na mfano wake uko katika masimulizi tunayoyajua: Waislamu wa kwanza walipokimbilia Uhabeshi, Makuraishi walituma wajumbe na zawadi ili warudishwe. Najashi aliwaita wakimbizi akawasikiliza kwanza, kisha akakataa kuwatoa na zawadi akazirudisha. Mwiko wa kurudisha: naomba liandikwe.

Nimeacha mwisho neno la marekebisho yenyewe. Mwaka 2019 Julián Castro, akiwania uteuzi wa kugombea urais, alitaka kifungu 1325 kifutwe ili kuvuka kubaki jambo la madai. Magazeti yetu yakiandika habari kama hizo husema wanataka "kuhalalisha uhamiaji haramu", na msomaji anaona mipaka imeachwa wazi. Halali na haramu ni ncha mbili. Katikati pana uwanja mpana wa mambo yasiyoruhusiwa na yasiyo jinai: kuegesha gari vibaya, kuchelewa kulipa kodi ya pango. Asiyestahili kukaa bado angeweza kurudishwa, kama ilivyokuwa kabla ya 1929.

Nilitamani tutumie kinyambuo chetu cha kutengua, kile cha funga na fungua, ziba na zibua. Jinai, kwa kuwa ni neno la Kiarabu, halikubali. Tubaki na la wazi: kufuta jinai ya kuvuka. Na kinyume chake, yale waliyoyafanya wabunge wa 1929, kujinaisha. Masikio yatachukua muda kulizoea, lakini linaeleza kwamba kuna mtu aliyefanya.

Kamati za istilahi za mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, zikikaa, zianze na udhuru wa mkimbizi, mwiko wa kurudisha, na kugawanya mtafuta hifadhi na mwomba hifadhi. Makubaliano yaliyoidhinishwa na jaji Sabraw Desemba 2023 yanazuia upokonyaji kama ule wa 2018 kwa miaka minane tu, na vifungu 1325 na 1326 viko palepale, kwa hiyo habari hizi zitaendelea kutufikia. Wewe unayeandika ukurasa wa kimataifa usiku huu, usingoje kamati. Futa haramu, uandike kitu alichokikosa: hati, viza au kibali.